Jeep ya kuchaji: betri ikichoka, nani atalipa?

GOMA – Picha zinapita kila siku kwenye simu: jeep ya rangi ya fedha, imepigwa picha bandarini, viti safi, na chini yake maneno machache: "Inatumia umeme, petroli kidogo tu." Bei inayotajwa ni ndogo kuliko ya Prado. Kwa familia iliyouza ng'ombe au kiwanja ili kuanza upya mjini, bei hiyo inavuta macho. Wauzaji wanasema ni gari ya kisasa kwa bei ya mtu wa kawaida. Kabla ya kuhesabu noti, mnunuzi anapaswa kuuliza jambo moja: betri ikichoka, nani atalipa?

Tamaa ya gari hizi ina sababu. Mwezi wa kwanza 2025, mji wa Goma ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, benki zilifunga milango. Wenye akiba walibaki na namba kwenye karatasi. Tangu siku zile watu wengi hawataki tena pesa isiyoshikika. Wanataka kitu cha kuonekana, kitu chenye magurudumu, kitu ambacho siku ya mbio kinaweza kubeba watoto na magodoro. Hakuna wa kuwacheka. Lakini kuna gari inayotunza thamani ya pesa na kuna gari inayoila kimyakimya, na jeep hii, kwa familia nyingi za Goma na Bukavu, ni ya aina ya pili.

Inafaa kueleza gari yenyewe bila kuizulia uongo. Haibridi ya kuchomeka ina injini ya petroli kama gari nyingine, na pamoja nayo ina mota ya umeme na betri kubwa inayochajiwa ukutani kama simu. Mfano unaojulikana zaidi kati ya zile zinazotoka Japani ni Mitsubishi Outlander PHEV, iliyoanza kuuzwa kule mwaka 2013. Zile za miaka ya kwanza zina betri ya kilowati-saa 12, injini ya lita 2 na mota 2 za umeme, moja mbele na moja nyuma. Zinapanda mlima vizuri na hazipigi kelele. Kiwandani ziliandikiwa kwamba zinaweza kwenda zaidi ya kilomita 50 kwa umeme peke yake. Si gari mbaya. Ubaya uko katika kuitoa pale ilipofikiriwa na kuileta pale ambapo kila kitu inachohitaji kinakosekana.

Hesabu ni nyepesi. Betri yenye umri wa miaka 8 au 10 haishiki tena chaji yake ya ujana, kama vile betri ya simu ya zamani isivyofika jioni. Kwenye milima na mawe ya volkano, mtu akipata kilomita 30 kwa chaji moja ashukuru Mungu. Gari ya ukubwa huu, ikitembea kwa petroli tu, inakunywa lita 8 hadi 10 kwa kilomita 100. Maana yake, chaji moja iliyojaa inaokoa lita 3 hivi, na bado bei ya umeme haijatolewa. Anayechaji siku 6 kwa juma, mwaka mzima, ataokoa lita 900 na kidogo. Anayechaji mara 2 kwa juma kwa sababu ya delestaji ataokoa lita 300. Na betri mpya ya gari hii inahesabiwa kwa maelfu ya dola, bila kusahau usafirishaji na dwane. Lita 300 kwa mwaka hazitalipa betri hiyo hata mtoto wa kwanza akimaliza shule.

Sasa tuje kwenye umeme. Bukavu inategemea mitambo ya mto Ruzizi. Ruzizi ya kwanza ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji. Ruzizi ya pili ni ya mwaka 1989, na umeme wake unagawanywa na nchi 3: Kongo, Rwanda na Burundi. Mji umekua mara nyingi tangu wakati huo, na wakaaji wa Bukavu hawahitaji kufundishwa maana ya delestaji. Goma ina bahati kidogo, kwa sababu mbali na SNEL kuna mitambo ya maji ya Virunga, kama ule wa Matebe katika Rutshuru wenye megawati karibu 13. Lakini waya zile zinapita kwenye maeneo ya vita. Mwezi wa kwanza 2025, mapigano yalipoharibu laini, mji ulikaa gizani, na hata maji yakakosekana kwa sababu pampu zinatumia umeme. Mama waliteka maji ya ziwa. Katika siku kama hizo, nani angechomeka jeep?

Hata umeme ukiwepo, unapitia kwa nani? Familia nyingi zilizohama zinapanga nyumba, chumba kimoja au viwili, na mashine ya Cash Power ni moja kwa kiwanja kizima. Jeep hii ikichomekwa kwenye soketi ya nyumbani inavuta kilowati 2 na zaidi kwa saa 5 hivi. Ni kama kuacha pasi 2 zikiwaka tangu saa tatu ya usiku hadi saa nane. Waya nyembamba za nyumba ya kupanga zitapata moto, na majirani watauliza nani amemaliza uniti zao. Tena kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji: umeme wa nyumbani Japani ni volti 100, na huku ni volti 220. Waya wa kuchajia unaokuja na gari lazima uangaliwe na mtu anayejua kabla ya kuguswa ukuta. Na mara nyingi gari inafika bila waya wowote.

Wauzaji wana jibu: "Haina shida, injini inaichaji yenyewe njiani." Ni kweli, injini inaweza kuchaji betri. Lakini inaichaji kwa petroli ile ile iliyonunuliwa kwa Kadhafi wa barabarani. Hakuna umeme wa bure. Betri ikiwa tupu, mnunuzi anabaki na gari ya petroli yenye uzito wa karibu tani 1.8, inayobeba kilo zaidi ya 200 za betri na mota ambazo ndugu yake asiye na betri kubwa hazibebi. Na kila kilo inapandishwa mlima kwa pesa.

Wengine wanasukumwa na mtoto aliye Ulaya, anayepiga simu na kusema kule gari hizi ni nyingi. Ni kweli ziko nyingi. Lakini kule mtu anapaki mlangoni kwake, soketi iko ukutani, umeme haukatiki, na serikali nyingi zilipunguza kodi ili watu wanunue. Na hata pamoja na hayo yote, Tume ya Ulaya ilitoa ripoti mwaka 2024 kuhusu gari zilizoandikishwa mwaka 2021, na ilionekana kwamba haibridi za kuchomeka, zikiwa barabarani, zilitoa hewa chafu kwa wastani mara 3.5 kuliko ilivyoandikwa kwenye vyeti vyake. Sababu moja kubwa ni kwamba wenye gari hawachaji vya kutosha. Kama Mzungu mwenye soketi mlangoni anachoka kuchomeka, baba anayeishi na Cash Power ya watu 6 atafanya nini?

Halafu kuna fundi. Goma na Bukavu hazikosi mafundi hodari. Mtu anaweza kuvunja Toyota ya zamani asubuhi na kuirudisha barabarani jioni, na vipuri vinapatikana mpaka Butembo. Lakini betri ya jeep hii ina volti 300. Waya zake zimepakwa rangi ya machungwa ili kuonya, na onyo hilo si mapambo: anayezigusa bila kujua, bila glavu za kazi hiyo na bila kukata umeme wa betri kwanza, anaweza kufa palepale. Kijana wa garaji la kando ya barabara hakufundishwa kazi hiyo, na hapaswi kulazimishwa kuijaribu kwa sababu mwenye gari amekosa pesa ya kuita mwingine. Betri yenyewe iko chini ya sakafu, juu ya barabara ambazo mawe yake yanajulikana kwa kila kwado.

Jambo la usukani nalo linasahaulika. Gari za Japani zina usukani wa kulia, maana kule, kama vile Kenya, Tanzania na Uganda, watu wanatembea upande wa kushoto. Kongo inatembea kulia. Dereva anayetaka kupita lori kwenye kona za milima haoni kinachokuja mbele mpaka jeep nzima iingie barabarani. Hili halihusu haibridi peke yake, ila linapaswa kuingia kwenye hesabu ya kila gari ya namna hiyo.

Sababu inayogusa moyo zaidi ni ile ya mbio. Familia zinakumbuka mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipolipuka na siku chache baadaye watu wakaambiwa watoke mjini. Zinakumbuka pia kambi zilizovunjwa mwanzoni mwa 2025. Baba anasema: "Siku ile nikiwa na jeep, watoto hawatatembea tena kwa miguu." Maneno hayo yanastahili heshima. Lakini siku ya mbio inataka gari inayowaka mara moja, inayotengenezwa popote, inayopata vipuri Sake, Minova au Kiwanja. Toyota ya kawaida iliyochakaa kidogo, ambayo kila fundi anaijua, itafanya kazi hiyo kwa uhakika zaidi kuliko jeep inayowasha taa ya onyo ambayo hakuna mtu wa kuisoma. Na pesa inayobaki italisha familia huko ilikokimbilia.

Wako pia wanaosema kwamba gari hizi zimetengenezwa kwa madini ya Kongo, hivyo ni haki ya Mkongomani kuzipanda. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na betri nyingi za gari zilitumia kobalti hiyo, ingawa viwanda vya China siku hizi vinatengeneza nyingi zisizo nayo. Lakini haki ya Mkongomani isipimwe kwa kununua betri iliyokwisha kutumika miaka 10 kwa mtu mwingine. Madini yanatoka yakiwa mapya na mali inarudi ikiwa imechoka, na anayelipa mara zote mbili ni yule yule. Hiyo si haki, ni biashara ya mwenye kupakia meli. Na betri ikifa kabisa, Goma haina mahali pa kuipeleka. Itabaki nyuma ya nyumba, karibu na watoto.

Je, hakuna anayefaa kuinunua? Wako. Mwenye nyumba yake, Cash Power yake peke yake au sola kubwa paani, anayefanya safari fupi za mjini kila siku na kurudi kulala mahali pamoja. Hospitali au shule yenye umeme wa kutosha na fundi aliyefundishwa. Kwao hesabu ya lita 900 ina maana, na jeep ya Japani hata inaweza kutoa umeme wa wati 1500 kwa ajili ya taa na vifaa, mradi wawe na kibadilishi cha volti. Na hata hao wasinunue kwa picha. Wamwambie muuzaji achaji betri mpaka ijae, kisha waiendeshe bila kuwasha kiyoyozi, wakihesabu kilomita mpaka injini ya petroli iwake yenyewe. Ikiwaka kabla ya kilomita 20, betri imekwisha kuliwa, na bei ishuke mpaka ile ya gari ya petroli iliyozeeka, au watu waagane kwa amani. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kujibu.

Kwa wengine wote, na zaidi kwa familia zilizohama, jibu ni hapana. Akiba iliyotoka kwenye ng'ombe wa Masisi au shamba la Rutshuru haitapatikana mara ya pili. Pikipiki moja inayofanya kazi ya motari, mtaji wa mama sokoni, kiwanja chenye karatasi halali, au gari ya kawaida inayojulikana na kila garaji: vyote hivyo vinaweza kuuzwa tena siku ya shida kwa bei inayofanana na ile ya kununulia. Jeep yenye betri iliyokufa haina mnunuzi. Na vyama na makanisa yanayokusanya mchango ili mkubwa wao apande jeep ya kisasa yasome hesabu hii mbele ya waumini kabla ya kapu kupita, ili kila mama anayetoa franga zake ajue kama ananunua gari au anamlipia mtu wa mbali gharama ya kutupa betri.