Tahariri: Kipimo cha kalsiamu kisitolewe bila albumini

Mgonjwa mzima wa ini amekonda, miguu imevimba. Maabara inaandika kalsiamu 7,2. Kwa kuwa kawaida ni kati ya 8,5 na 10,5 miligramu kwa desilita, jamaa wanatumwa kwenye farmasi kununua kalsiamu ya kutia katika mshipa. Hakuna aliyeuliza albumini yake ni ngapi.

Karibu 40% ya kalsiamu ya damu husafiri imeshikamana na albumini, protini inayotengenezwa na ini. Ile inayotumiwa na misuli, mishipa ya fahamu na moyo ni ile iliyo huru. Ini likiharibika, figo zikivujisha protini, au mtu akipatwa na bwaki, ugonjwa ambao Kivu inaujua sana, albumini hushuka. Jumla ya kalsiamu hushuka nayo, hata kama ile huru haijapungua.

Waganga wana hesabu: kwa kila gramu moja ya albumini inayopungua chini ya 4 kwa desilita, ongeza 0,8 kwenye kalsiamu. Mgonjwa wetu akiwa na albumini 2, kalsiamu yake inakuwa 8,8. Ni ya kawaida. Sindano ile haikuhitajika, na si sindano ya mchezo: ikipita haraka inavuruga moyo, ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama.

Kinyume chake kinatisha zaidi. Mwingine mwenye albumini 2 anapata kalsiamu 9,8, anaambiwa yuko sawa. Hesabu inatoa 11,4, na kalsiamu ya juu hivyo inaweza kuwa dalili ya kansa.

Hesabu hii ni makadirio. Kwa mahututi inaweza kudanganya, na kupima kalsiamu huru ndiyo bora pale mashine ipo. Na mtu anayekakamaa mikono au kufa ganzi mdomoni ahudumiwe mara moja; asingojee mtu apige hesabu.

Tunaomba basi Wizara ya Afya na wakuu wa hospitali waamue kwamba vipimo hivi viwili viandikwe kwenye karatasi moja. Ndiyo, albumini inaongeza fakitire, na hapa kwetu familia nyingi hulipa kutoka mfukoni. Kwa hiyo bei ya vyote viwili iwe moja. Kwa sasa, ukiombwa kulipia kalsiamu ya mgonjwa wako, muulize mganga: na albumini?