Watoto wajenge, wasinakili tu

Mhariri,

Wanafunzi wanaoletwa kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani huvushwa kwa boti kutoka Kilwa Masoko, husimama juani, hunakili miaka kwenye madaftari, kisha hurudi. Mahali palipoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 1981 panastahili somo zito zaidi.

Naomba wasimamizi watenge uwanja, mbali na kuta za kale, ambako watoto watajenga. Msikiti Mkuu, ulioanzwa karne ya 11, ni mawe ya matumbawe na chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo. Mafundi wanaoijua kazi hiyo bado wapo pwani. Wao wachome na kuzima chokaa, maana inaunguza ngozi na macho. Watoto wavae glavu, waichanganye na mchanga, wapange mawe. Mtoto aliyehangaika na ukuta unaoishia magotini atalitazama birika la pembe nane la jumba la kale la Husuni Kubwa kwa macho mengine, na atauliza mwenyewe: nani alibeba mawe yote haya? Swali hilo ndilo ninalolitamani darasani, na kitabu peke yake hakiliamshi.

Vivyo hivyo sarafu za shaba za masultani wa Kilwa. Watoto wachape za kwao kwenye udongo wa mfinyanzi, wapatane bei za dhahabu ya Sofala na vyombo vya China.

Kinachohitajika ni mchanga, mawe na posho ya fundi. Shule za Kilwa yenyewe zitangulie.

Mwalimu wa historia,
Lindi