Baiskeli na Mtumishi wa Nyololo

Katika njia panda ya Nyololo, wilayani Mufindi, baiskeli si kitu kigeni. Mkulima hupita na gunia la viazi. Mgema hupita na madumu ya ulanzi yaliyofungwa barabara kwenye karia. Asiyeonekana juu ya baiskeli ni mwalimu na karani. Hao husimama kando ya barabara kuu ya TANZAM wakingoja bodaboda, hata kama kituo cha kazi hakizidi kilomita 8, na nauli hiyo huumega mshahara siku hadi siku.

Sababu inayotajwa kwanza ni hali ya hewa. Ni kweli kwamba Juni na Julai baridi ya Mufindi huuma vidole, na kwamba mvua ikianza Novemba haina haraka ya kuondoka. Lakini baridi hiyo humpiga vilevile aliyepakiwa kwenye pikipiki, tena zaidi. Koti la mvua, madigadi na jozi ya viatu iliyowekwa ofisini humaliza sehemu kubwa ya tatizo. Kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, kilomita 8 ni safari ya dakika 40. Kwa miguu ni zaidi ya saa moja u nusu. Penye mlima mtu hushuka akasukuma.

Sababu ya pili haisemwi hadharani, nayo ndiyo yenye nguvu: hadhi. Msomi huona haya kufika kazini kwa chombo cha mgema. Hii ni kasumba tupu. Mark Rutte, Waziri Mkuu wa Uholanzi tangu 2010 hadi 2024, alijulikana kwa kwenda kazini kwa baiskeli, wala hakuna aliyemdhania kuwa fukara. Uholanzi ni tambarare, naam. Lakini kinachomzuia karani wa Nyololo si kilima.

Ipo hoja moja ambayo haiwezi kupuuzwa, nayo ni barabara yenyewe. Malori ya Tunduma na Zambia hupishana hapo na malori ya mbao za Sao Hill, na mwendesha baiskeli hana njia yake. Yanapokutana mawili, yeye hukimbilia majanini. Kumwambia mwalimu wa kike, mwenye madaftari ya wanafunzi nyuma yake, ajitose humo kabla ya mapambazuko ni kumfanyia mzaha.

Dar es Salaam, barabara ya mabasi yaendayo haraka iliyoanza kazi mwaka 2016 ilijengwa pamoja na njia za baiskeli. Wakazi wa Nyololo, ambao wengi wao huendesha baiskeli kwa lazima, wanastahili angalau kilomita chache za namna hiyo pande zote mbili za njia panda. Wahandisi wa barabara waanzie hapo. Nao wakuu wa shule na ofisi wasingoje wahandisi: banda la bati la kuwekea baiskeli, lenye kufuli, laweza kujengwa muhula huu.