Nyumba Kuukuu Juu ya Dhahabu

Mwaka jana mimi na mwenzangu tulianza kutafuta nyumba ya kununua. Nimebakiza miaka michache kabla ya kustaafu, na kama watumishi wengi wa umma nilioanza nao kazi, nimeishi katika nyumba za kupanga na za mwajiri kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kiwanja hatukukitaka. Kujenga upya katika umri wetu ni kuanza safari ya saruji, nondo na mafundi, na wengi huondoka duniani nyumba ikiwa bado kwenye lenta. Tulitaka nyumba kuukuu, yenye kuta zilizokwisha kutulia, mti wa kivuli uliokwisha kukua na majirani waliokwisha kujuana. Tena tulitaka iwe huku kwetu Usukumani, kati ya Shinyanga na Geita.

Katika kuzunguka huko nimeliona jambo ambalo nadhani linawahusu wengi kuliko sisi wawili. Katika ukanda huu wa dhahabu, mtu hununua nyumba bila kujua ni nani mwenye haki juu ya kilichomo chini yake, na mara nyingi muuzaji naye hajui. Taarifa hiyo ipo serikalini. Tatizo ni kwamba haimfikii mwananchi siku anayoihitaji, na hilo lingeweza kurekebishwa kwa gharama ndogo kama tungekuwa na nia.

Tuliziona nyumba tatu ambazo zilitufanya tukae chini na kupiga hesabu.

Ya kwanza ilikuwa Shinyanga mjini, si mbali na stesheni. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Shinyanga, na nyumba ile ni ya enzi za wafanyabiashara wa pamba walioifuata: kuta nene, baraza pana, dari iliyo juu. Mabati yameshika kutu na mbao za dari zimeliwa na mchwa. Bei yake ilitutisha, na fundi tuliyekwenda naye alikadiria kwamba ukarabati ungeongeza theluthi nzima. Hata hivyo maji ya Ziwa Victoria yapo bombani, katika mji ambao watu wa rika langu wanaukumbuka kwa foleni za ndoo.

Ya pili ilikuwa Kahama, upande wa Buzwagi. Haikuwa ya kale sana, ila ilikuwa imechoka kabla ya wakati wake. Mwenye nyumba aliijenga kwa fedha za mgodi, akaipangisha kwa watu wa mgodi, na mgodi ulipokwisha akahama. Mgodi wa Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kuusimamisha mwaka 2021. Wapo waliotabiri kwamba Kahama ingekufa siku hiyo. Haikufa, kwa sababu ilikuwa na miguu mingine ya kusimamia: mpunga, maduka ya jumla, na barabara kuu iendayo Rwanda na Burundi. Eneo la mgodi wenyewe limegeuzwa kuwa eneo maalumu la uwekezaji. Lakini mitaa iliyotegemea mishahara ya mgodi peke yake bado ina nyumba zenye madirisha yaliyofungwa.

Hapo nikapata kipimo cha kwanza. Nyumba huishi kuliko mgodi. Geita yenyewe ni ushahidi: mgodi wake wa enzi ya mkoloni ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza kuzalisha mwaka 2000. Katikati ipo miaka 34, yaani umri wa mtu mzima mwenye watoto. Basi anayechagua mahali pa kutulia katika ukanda huu ajiulize kwanza: mgodi ukifungwa kesho, jirani yangu atabaki hapa akifanya kazi gani?

Nyumba ya tatu ndiyo iliyonisukuma kuandika. Ipo kijijini, mkoani Geita, katika eneo ambalo sitalitaja kwa sababu mzee mwenye nyumba hakuniruhusu. Ni nyumba ya tofali za kuchoma, yenye vyumba vinne, miembe mitatu mikubwa na kisima. Bei yake ilikuwa chini kiasi cha kutia shaka. Baada ya salamu za Kisukuma na maji ya kunywa, nilimuuliza kwa nini anaiuza kwa bei hiyo.

“Mwalimu, sitakudanganya,” akasema. “Tupo ndani ya bikoni.”

Akatuzungusha nyuma ya nyumba na kutuonesha namba iliyoandikwa ukutani kwa rangi nyekundu, ambayo sasa imefifia. Wathamini walifika miaka kadhaa iliyopita, wakahesabu vyumba, miti na makaburi, wakamwambia asiongeze hata banda la kuku. Hawajarudi. Hakuachiwa karatasi yoyote. Tangu hapo hajapaka chokaa wala kuziba ufa, kwa maana ameogopa kutumia fedha juu ya kitu ambacho huenda kikabomolewa. Kisha akaniuliza swali ambalo mwalimu wa chuo kikuu alipaswa kuwa na jibu lake: “Hebu nisaidie. Nyumba hii ni yangu, au si yangu?”

Nilimjibu kwa maneno mengi, kama ilivyo desturi ya watu wa kazi yangu. Hapa nitajaribu kujibu kwa uangalifu zaidi.

Kisheria, nyumba ni yake. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zinatambua haki yake ya kutumia ardhi, hata ikiwa ni ya kimila na haina hati. Lakini Sheria ya Ardhi inapotafsiri neno “ardhi”, inayatoa madini nje ya tafsiri hiyo. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inayaweka madini yote chini ya Jamhuri ya Muungano, na Jamhuri ndiyo inayotoa leseni. Kwa hiyo juu ya kipande kimoja cha ardhi kunaweza kuwa na watu wawili wenye haki halali: mmoja mwenye miembe, mwingine mwenye mwamba. Kila mmoja ana karatasi au ushahidi wake, na huenda hawajawahi kuonana.

Sheria haikumwacha mzee mikono mitupu. Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni apate ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali kabla ya kufanya shughuli zake ndani ya mita 200 kutoka nyumba inayokaliwa, ingawa inaacha njia kwa Waziri pale ridhaa inapozuiliwa bila sababu ya msingi. Katiba, katika ibara ya 24, inalinda mali ya mtu dhidi ya kutwaliwa bila fidia inayostahili. Sheria ya Ardhi inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya wakati. Na Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inaweka ukomo: fidia isipolipwa ndani ya miaka miwili, uthamini ule hupoteza nguvu na sharti ufanywe upya. Kwa maneno mengine, ile namba nyekundu ukutani kwa mzee huenda haina uzito wowote leo. Amekaa miaka bila kuziba ufa kwa kuitii rangi.

Ndiyo maana nasema tatizo letu kubwa halipo katika vifungu. Lipo kati ya kifungu na baraza la nyumba. Leseni za madini zimechorwa kwenye ramani, na Tume ya Madini inazo. Mwenye intaneti na subira anaweza kuzitazama. Mimi nilizitazama kwa sababu kazi yangu imenizoesha kutafuta nyaraka. Mwalimu wa shule ya msingi anayenunua nyumba kwa mafao yake ya mkupuo atauliziwa kwa dalali. Mjane anayeuza nyumba ya marehemu atakubali bei yoyote atakayoambiwa. Mwenyekiti wa kijiji anayegonga muhuri kwenye mkataba hana ramani hiyo ofisini kwake.

Na hatari si leseni peke yake. Tarehe 7 Novemba 2022, kingo za bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, zilibomoka, na tope likafunika nyumba na mashamba ya vijiji vya jirani. Mgodi ule umekuwapo tangu mwaka 1940. Watu waliojenga chini ya bwawa hawakuwa wazembe. Walikuwa wamezoea kuliona, kama tunavyozoea kilima. Katika maeneo ya wachimbaji wadogo, nyumba nzuri iliyopigwa rangi mpya inaweza kuwa imesimama juu ya mwalo wa zamani uliosafishia dhahabu kwa zebaki, au pembeni ya maduara yaliyofukiwa nusunusu. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Huku kwetu ingefaa kuongeza: kisha uliza kilichomo chini.

Wapo waliopita njia hii kabla yetu. Katika eneo la Lorraine, mashariki mwa Ufaransa, watu walichimba chuma kwa vizazi. Migodi ilipofungwa, mashimo ya chini yaliachwa, na mwaka 1996 ardhi ilididimia katika mji mdogo wa Auboué, nyumba zikapasuka na familia zikahamishwa. Ni mwaka uleule ambao sisi tulikuwa tukiwaondoa wachimbaji wadogo kule Bulyanhulu. Kutokana na misiba ya namna hiyo, Bunge la Ufaransa lilitunga sheria mwaka 1999 kuhusu wajibu wa wachimbaji baada ya mgodi kufungwa. Leo, mtu anayeuza nyumba kuukuu katika kijiji cha Ufaransa kilichomo katika maeneo yaliyotambuliwa kuwa na hatari, analazimika kumkabidhi mnunuzi karatasi inayoeleza hatari za mahali hapo, zikiwamo za migodi ya zamani. Asipofanya hivyo, mnunuzi anaweza kuomba mauziano yavunjwe au bei ipunguzwe. Sisemi tuige kila kitu. Hatuna watalaamu wa kutosha wa kupima kila ufa. Lakini karatasi moja yenye ukweli haihitaji utajiri wa Ulaya.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, ramani ya leseni za madini ibandikwe katika kila ofisi ya kijiji na mtaa wa ukanda huu, kwa Kiswahili, na isasishwe kila mwaka wa fedha unapoanza. Pili, kila mauziano ya nyumba yaambatane na tamko fupi la hali ya mahali: je, pamo ndani ya leseni, pamewahi kufanyiwa uthamini, pako umbali gani kutoka bwawa la tope au mwalo? Tatu, yeyote anayezuiwa kuendeleza makazi yake apewe barua yenye tarehe ya kuanza na ya kukoma kwa zuio hilo. Rangi ukutani isihesabiwe kuwa taarifa.

Najua pingamizi litakalotolewa. Kuna watakaosema kwamba ramani zikiwekwa hadharani, watu watakimbilia kujenga vibanda ili walipwe fidia, mchezo ambao huku tunauita tegesha. Hoja hii ina uzito, ila inasahau jambo moja. Tegesha hustawi kwa sababu wachache wanajua mapema na wengi hawajui. Ukifunga pazia, anayefaidi ni yule aliye na ndugu ofisini. Ramani yenye tarehe, iliyobandikwa mbele ya wote, ndiyo itakayoonesha wazi ni nyumba ipi ilikuwapo na ni ipi iliyoota usiku.

Wengine watasema bei za nyumba zitashuka. Nyumba ya yule mzee imekwisha kushuka bei kwa uvumi. Ukweli ungemwezesha angalau kujadiliana.

Wanafunzi wangu wa sheria na mipango miji wanatafuta mada za utafiti kila mwaka. Mojawapo ni hii: chukueni kijiji kimoja, ramani moja, na muwaulize wenye nyumba wanajua nini. Wanaharakati wana kazi ya kusoma vifungu hivi mikutanoni kwa lugha ya watu. Watumishi wenzangu katika halmashauri hawahitaji sheria mpya ili kubandika karatasi ukutani.

Sisi tumeamua kununua ile ya Shinyanga, yenye mchwa. Tulipomaliza kulipa, mke wa muuzaji alitia saini pamoja naye, kama Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inavyotaka kwa nyumba ya wanandoa, na ramani ya leseni niliikagua mwenyewe. Mchwa nawaona na nitapambana nao.

Wiki iliyopita nilimpelekea yule mzee nakala ya kifungu cha miaka miwili, nikakitafsiri kwa mkono upande wa pili wa karatasi. Aliisoma mara mbili, akaikunja na kuitia katika mfuko wa shati. Kisha akamwita mjukuu wake amletee ndoo ya udongo, waanze kuziba ule ufa.