Majibu Safi, Tumbo Gonjwa

Kuanzia Voi mjini hadi Wundanyi milimani, mtu mwenye tumbo sugu huhukumiwa kwa karatasi moja. Majibu ya vipimo yakirudi safi na kamera iingizwayo tumboni isione kidonda, nyumbani na kazini huafikiana kwamba amepona. Akizidi kulalamika, basi anadeka au anakwepa kazi. Imani hii inao watetezi hata miongoni mwa waliosomea tiba, nami naiona mbovu tangu msingi. Kamera hutafuta kidonda, uvimbe na damu. Haina habari kama mwenye tumbo alilala usiku, au kama amekataa kibarua kwa kuwa shambani hakuna choo. Tena yapo maradhi ya utumbo yanayoleta msokoto, gesi na kuharisha kwa miaka pasipo kuacha alama yoyote ya kuonekana. Madaktari huyatambua kwa kusikiliza dalili, wakifuata vigezo viitwavyo vya Roma, ambavyo toleo lake la nne lilitoka mwaka 2016. Mgonjwa wa aina hiyo kuambiwa hana kitu ni kosa la kitabibu, hata likisemwa kwa upole.

Utaambiwa kwamba hisia hazipimiki, na kwamba anayetaka ruhusa ya kazi atajaza karatasi vyovyote apendavyo. Lakini zinapimwa, na si tangu jana. Mwaka 1989 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walitoa dodoso la maswali 32 kwa wenye uvimbe sugu wa utumbo, likigusa choo, uchovu, huzuni na maisha ya kijamii. Mwaka 2021 mabingwa wa maradhi hayo duniani walikubaliana kwamba kurejesha ubora wa maisha ni shabaha ya tiba, sambamba na kupona kwa utumbo wenyewe. Anayedanganya yupo, ila dodoso halimlinganishi mgonjwa na jirani yake. Humlinganisha na yeye mwenyewe wa miezi mitatu iliyopita, na kuushikilia uongo kwa mpangilio, swali kwa swali, ziara baada ya ziara, si kazi rahisi.

Pingamizi lenye uzito ni jingine: maswali haya yametungwa ugenini. Dodoso mashuhuri la SF-36, ambalo tafsiri yake ya Kiswahili ilijaribiwa Dar es Salaam miaka ya 1990, kwa asili yake humuuliza mgonjwa kama anaweza kucheza gofu. Mkata mkonge wa Mwatate ajibu nini hapo? Hilo halitupi sababu ya kuacha kupima, linatupa kazi ya kutunga maswali yetu. Je, unaweza kuteremka kwa matatu kutoka Wundanyi, kona zote zile, bila kumsihi dereva asimame? Ukiwa matangani na ukapewa kimanga, unakula au unabuni udhuru? Usiku unatoka mara ngapi kwenda chooni, na choo kiko umbali gani? Hayo yana alama zake kama kipimo kingine chochote, na mhudumu wa afya ya jamii anaweza kuyauliza. Vifaa walivyogawiwa wahudumu hao mwaka 2023 vinapima presha, sukari na uzito. Karatasi ya maswali kumi haiongezi mzigo begani.

Sisemi kamera itupwe. Anayeona damu chooni au anayekonda bila sababu apimwe haraka. Wala sisahau kwamba kaunti hii yenye Voi na Wundanyi ina kilio cha maji na cha ndovu mashambani, na kwamba dodoso linaonekana anasa mbele ya hayo. Ila hesabu gharama ya kutouliza. Aliyeambiwa ni mzima haendi nyumbani kutulia; huzunguka kutoka duka moja la dawa hadi jingine akinunua vidonge vilevile vya asidi, hulipia vipimo vilevile upya Mombasa, kisha huishia kwa mganga, na pesa hizo zote hutoka kwenye karo na unga.