Rangi nyekundu si mukula

Kando ya barabara kubwa ya Likasi–Kolwezi, pale Fungurume, vitanda na makabati vinapangwa tangu asubuhi, vyote vyekundu, vyote vinang'aa vernisi. Mnunuzi akiuliza ni mbao gani, anaambiwa: mukula. Neno hilo linaongeza bei, na wenye kuumia zaidi ni familia zilizohamishwa juu ya mine. Wao wananunua vitu vya nyumba nzima kwa mara moja, na pesa ya malipo ikiisha, hairudi.

Mukula ya kweli ilikatwa sana Katanga ili kutengeneza viti na meza za watajiri wa Uchina. Tangu Novemba 2019 biashara yake ya kimataifa iko chini ya masharti ya CITES. Mbao yenye kutafutwa namna hiyo, ni nani angeitoa kwa bei ya kitanda cha barabarani?

Chini ya rangi, mara nyingi ni kalitusi, ao ile sehemu nyeupe ya mulombwa iliyo karibu na ganda. Moyo wa mulombwa ni mzuri, unadumu miaka mingi. Lakini ule weupe wa nje ni chakula cha wadudu: wanatoboa matundu madogo, na asubuhi unga mwepesi unaonekana chini ya kitanda. Kalitusi nayo si mbao mbaya. Ubaya ni kuipasua leo na kuipigilia misumari kesho, ingali na maji. Kipwa kikifika, inajipinda na kupasuka, na miguu ya kitanda inaanza kucheza.

Kuna wenye kusema maskini mwenyewe ndiye anapenda kung'aa. Ni maneno ya kumfunga mdomo. Kupenda rangi si kosa. Hata seremala mwaminifu anapaka rangi. Kosa ni kupaka kalitusi na kuiuza kwa jina la mukula.

Basi kitanda kigeuzwe kabla ya kulipa. Tumbo lake halipakwi sana. Upande uliofichika ukwaruzwe na msumari: rangi ya dukani inatoka na weupe unaonekana, lakini moyo wa mti mwekundu unabaki mwekundu hata ndani. Kichwa cha mbao, pale msumeno ulipopita, kiangaliwe vizuri, maana kikianza kupasuka kingali sokoni, nyumbani kitaendelea. Na ubao wa nyuma wa kabati ugongwe na kidole. Ukilia kama ngoma, ni tripleksi, hata kama mbele kumepakwa wekundu.

Ofisi zenye kulipisha kodi kwa kila gunia la makala zinajua kuuliza mti umetoka wapi. Ziulize na hapa pia. Muuzaji aandike kwenye faktire jina la mbao na kama imekauka, na upande mmoja wa kila kitu uachwe bila rangi. Kalitusi iuzwe kwa bei ya kalitusi.