Kabla Uniuzie Kruzi, Niambie Kuhusu Makaratasi

Wasee, kuna hii video inazunguka siku hizi, mnaijua. Droni inapanda juu ya meli nyeupe kubwa kama mtaa mzima, kuna bwawa la kuogelea kwenye paa, kuna dada ameshika glasi ya juisi, halafu maandishi yanatokea: kruzi siku saba, lipa mosmos, pasipoti tu inatosha.

Hayo maneno matatu ya mwisho ndiyo yamenileta hapa. Pasipoti tu haitoshi. Kwa Mkenya karibu haijawahi kutosha, na yule anayekuambia inatosha anajua vizuri kwamba siku utakapozuiliwa bandarini, yeye atakuwa ameshakula komisheni.

Sina ubaya na kruzi. Nimekulia Mombasa. Tangu tukiwa watoto tumeona meli za kitalii zikiingia Kilindini, wazungu wazee wanashuka, wanapandishwa basi wapelekwe Fort Jesus, wanapiga picha, wananunua kinyago, jioni wameondoka. Sasa kuona vijana wa rika langu na mama zetu wa chama wakitaka kuwa upande ule mwingine, upande wa wanaoshuka, mimi napenda sana. Shida yangu ni na watengeneza kontenti wenzangu. Dili hizi zimeniletewa mara mbili. Mara zote nilimuuliza ajenti maswali matatu: viza ya aina gani, chanjo gani, na mtu wa kiti cha magurudumu atapanda vipi. Wa kwanza alinitumia emoji ya moto. Wa pili aliniambia nisiwatishe wateja. Sikuposti yoyote.

Hebu tuelewane kwanza kwa nini meli si kama ndege. Ukipanda ndege kwenda Athens, unavuka mpaka mmoja. Meli inaweza kukuvusha minne kwa wiki moja, na wewe umelala, unaamka tu unaona mnara wa msikiti badala ya kanisa. Kwako ni likizo moja. Kwa afisa wa uhamiaji umetoka na umeingia, umetoka na umeingia.

Hapo ndipo watu wanachomeka. Viza ya Schengen inafungua nchi 29 za Ulaya, na tangu Juni 2024 ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90, hazirudi hata ukinyimwa. Lakini viza hiyo inakuja kwa aina: kuna ya kuingia mara moja, mara mbili, na mara nyingi. Sasa chukua ratiba ya kawaida sana ya Ugiriki: meli inatoka Piraeus, inaenda Kusadasi, inarudi Rhodes, inapita Santorini, inamaliza Piraeus. Kusadasi iko Uturuki. Uturuki haiko Schengen. Ukishatoka Piraeus kwenda huko, ile viza yako ya mara moja imeisha kazi, na Rhodes unaonekana kama mtu anayeingia upya bila kibali. Kwa hivyo kampuni ya meli haingoji mfike Rhodes. Inakuzuia kabla hujapanda.

Hii si hadithi ya kusikia. Shangazi yangu na wenzake wa chama, jumla watu watano pamoja na binamu yangu, walilipia ratiba kama hiyo, zaidi ya laki mbili kila mmoja, pesa za kuuza vitenge na mahamri. Fomu za shangazi na binamu nilizijaza mimi, nikaomba kuingia mara nyingi kwa sababu nilikuwa nimefungua ramani tu nikaona Kusadasi iko upande gani wa bahari. Wale mama watatu walijaziwa na ajenti. Akaweka alama kwa mara moja. Viza zikatoka, kukapikwa biriani, watu wakashonewa madera mapya. Siku kumi kabla ya safari, walipojaza taarifa zao kwenye tovuti ya kampuni, jibu likarudi kwamba viza zao hazitoshi kwa ratiba hiyo. Ajenti akasema, "Mtapita tu, mimi najua watu." Anajua watu Piraeus? Huyu ambaye hata Nairobi anaenda na basi la usiku?

Hawakusafiri. Na pesa hawakurudishiwa, kwa sababu masharti waliyokubali yanasema makaratasi ni jukumu la abiria. Yameandikwa hapo hapo, kwa herufi za ukubwa wa chawa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na bado nayasoma, kwa hivyo tusidanganyane kwamba ni lazima uwe wakili.

Kuna kitu kinaniuma zaidi nikilinganisha. Raia wa Marekani akipanda kruzi inayoanzia na kuishia bandari moja ya kwao, ikizunguka Karibiani, anaruhusiwa kurudi nyumbani na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho chake. Cheti cha kuzaliwa! Mkenya kwenye meli hiyo hiyo, mezani hapo hapo, ndio alihojiwa ubalozini Gigiri akaonyesha benki yake, kazi yake na sababu za kurudi. Na sisi, tangu Januari 2024 tumeondolea wageni viza, wanajaza tu eTA kwa simu kabla ya kuja. Sisemi tuwalipizie. Nasema ukipiga kontenti ya kruzi ukamnukuu mwanablogu wa Florida, jua umemnukuu mtu ambaye pasipoti yake ni ya dunia nyingine.

Basi utasikia, "Enda Durban, Afrika Kusini hakuna viza." Hiyo ni kweli, tangu Januari 2023 tunaingia bila viza hadi siku 90 kwa mwaka, na meli za huko hutembea zaidi msimu wa Novemba hadi Aprili. Ndiyo kruzi rahisi kwa Mkenya wa kawaida, nakubali. Lakini Afrika Kusini inataka kadi ya njano. Chanjo ya homa ya manjano. Kenya iko kwenye orodha ya nchi ambazo wasafiri wake wanadaiwa hiyo kadi, na kadi inaanza kuhesabika siku kumi baada ya sindano. Ukichanjwa Jumatatu na ndege ni Ijumaa, kadi unayo lakini bado haifanyi kazi. Uzuri ni kwamba sindano ni moja tu ya maisha. Tangu Julai 2016 kadi haiishi muda, hata ile ya zamani iliyoandikwa miaka kumi. Kwa hivyo hakuna sababu duniani ya kununua kadi ya mfukoni kwa jamaa wa River Road. Najua bei yake, najua mnajua. Ile kadi haikingi mbu, na wewe unaenda kukaa kwenye meli na watu elfu tatu.

Elfu tatu si mzaha. Februari 2020 Diamond Princess iliwekwa karantini Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711, na zaidi ya 700 waliambukizwa Korona. Ilikuwa wakati mbaya, sawa, lakini umbo la meli halijabadilika: lifti zile zile, vishikio vile vile, kijiko kimoja cha kupakulia kwenye sufuria ya wali kinachopita mikono mia mbili. Ugonjwa unaosumbua meli mara kwa mara ni norovirusi, kutapika na kuharisha, na hapa kuna kitu wengi hawajui. Ile sanitaiza ya mlangoni haiuwezi vizuri. Sabuni na maji ndiyo dawa. Nawa kama mama anakuangalia. Na ukianza kuumwa sema, usijifiche chumbani ati likizo itaharibika.

Dawa zako beba mkononi kwenye pakiti zake, usiweke kwenye lile sanduku kubwa unaloacha bandarini, kwa sababu linaweza kukufikia usiku na wewe sindano yako ya sukari ni ya saa kumi na mbili. Mjamzito, uliza mapema. Meli nyingi hazikubali ukishafika wiki ya 24. Bima je? Kwa Schengen ni lazima iwe ya angalau yuro 30,000, na hata pale isipokuwa lazima, chukua inayolipia kutolewa melini ukizidiwa. Daktari wa meli yupo na bili yake ipo. Kadi ya SHA ukimwonyesha atakuuliza hii ni nini.

Sasa hili la tatu, ambalo hakuna ajenti amewahi kunijibu.

Shangazi yangu anatumia kiti cha magurudumu tangu ajali ya 2014. Anakaa Likoni. Yaani kila siku anapambana na feri, na maji yakikupwa ule mteremko unakuwa kama ukuta, vijana wawili mbele na mmoja nyuma, wengine wote wanakanyaga tu wakiwahi. Katiba yetu, Kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufikia mahali pote na usafiri wa umma. Imeandikwa tangu 2010. Shangazi anaipenda hiyo sentensi sana, huisema akiwa anasukumwa, kwa sauti, ili kila mtu asikie.

Kwa hivyo yeye alipoambiwa kruzi, swali lake la kwanza halikuwa chakula wala bwawa. Aliuliza kwenye grupu la WhatsApp: mlango wa chumba una sentimita ngapi? Kiti chake ni 65. Watu wakacheka. Ajenti akajibu, "Mama, hii ni meli ya kifahari." Mimi nikaandikia kampuni barua pepe moja kwa moja, na ikatokea kwamba chumba alichowekewa mlango wake haukufika 60. Angefika Ugiriki aende kulala kwenye korido. Vyumba vya watu wenye ulemavu vipo, milango yake ni mipana na bafu halina kizingiti, lakini ni vichache kwenye kila meli na vinaisha mapema. Tulipata cha mwisho.

Na haki zipo, hii ndiyo sehemu inanifanya nikasirike na hao wanaosema tusiwatishe wateja. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Spector dhidi ya Norwegian Cruise Line, ilisema sheria yao ya watu wenye ulemavu inagusa hata meli zenye bendera za kigeni zikiwa kwenye maji ya Marekani, ingawa haikuzilazimisha kubomoa kila ukuta. Ulaya wana Kanuni namba 1177 ya 2010: safari ikianzia bandari ya Umoja wa Ulaya, abiria mwenye ulemavu anasaidiwa kupanda na kushuka bila kulipishwa, mradi atoe taarifa angalau saa 48 kabla. Sisi tulitoa mapema zaidi, na Piraeus alipokelewa na watu wawili wenye adabu. Anasema hajawahi kupandishwa chombo chochote bila kupigiwa kelele.

Lakini hakuna aliyetuambia kuhusu Santorini. Pale meli kubwa haifungi gatini, inatia nanga katikati ya maji na abiria wanashushwa kwa boti ndogo, halafu kuna gari la kamba, au punda, au ngazi karibu 600. Boti ndogo na kiti cha magurudumu ni bahati nasibu. Mawimbi yakiwepo wanakataa, na kwa usalama wana haki ya kukataa. Siku hiyo walikataa. Binamu alitaka kubaki naye, akamfukuza aende. Shangazi alikaa kwenye sitaha kutoka asubuhi hadi saa kumi, akiangalia zile nyumba nyeupe juu ya mwamba. Aliniambia ameiona Santorini kama tu anavyoiona kwenye kalenda ya kinyozi.

Na hiyo ni habari ambayo mtu angeweza kumpa kabla hajalipa hata shilingi. Bandari za kushushwa kwa boti huonyeshwa kwenye ratiba. Kuna ratiba ambazo meli inafunga gatini kila siku. Angechagua hiyo.

Kwa hivyo hii ndiyo rai yangu kwa wenzangu wenye wafuasi. Chukua dili, kula, sina wivu. Lakini video yako ya sekunde sitini ikiwa na nafasi ya glasi ya juisi, ina nafasi ya kusema hii safari inahitaji viza ya kuingia mara nyingi, hii inahitaji kadi ya njano, hii ina bandari mbili za boti ndogo. Ni sekunde nane, nimejipima na simu. Ajenti akikukataza kusema hizo sekunde nane, umejua unauza nini. Na wewe mnunuzi, usitume amana mpaka ushikwe mkono na mtu aliyeandika majibu. Sauti ya WhatsApp haihesabiki, anaweza kuifuta.

Wale mama watatu bado wanamtafuta yule ajenti. Akaunti imebadilisha jina, ina droni mpya.

Shangazi naye sasa anaangalia Durban. Kadi ya njano ameshachanjiwa, ameiweka kwenye Kurani pamoja na hati ya shamba. Wiki jana alitumiwa bei na ajenti mwingine, ratiba nzuri, chakula ndani, akamrudishia ujumbe wa mstari mmoja: mlango una sentimita ngapi? Tiki mbili za bluu, tangu Jumanne.